Ukurasa wa Tisa wa Kitabu cha Kazi

4 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kifua kimetulia tangu uhamie huko kwenye hewa kavu. Sisi hapa hatujambo. Mama goti bado linamsumbua. Daktari amemwambia apunguze ngazi, naye amemjibu kwamba nyumba yetu iko ghorofa ya tatu na haina mpango wa kushuka kumfuata. Mdogo wangu amefaulu hesabu, na tangu siku hiyo anatujibu kwa kutazama dari. Jirani wa chini anakusalimu. Anasema tangu uondoke hakuna anayemtukana vizuri.

Ninaandika kwa jambo dogo. Tafadhali usilione kubwa kabla hujamaliza kusoma.

Mafungu matatu mfululizo ya kimeng'enya yameharibika. Hamira inapondwa kama kawaida, ule uji wake unazungushwa kwenye mashine, maji ya juu yanatoka maangavu. Nyundo, yule mpondaji, anayamimina juu ya bomba la kioo, yanashuka taratibu katikati ya jeli kama ulivyofundisha, na chini tunakinga vichupa kimoja baada ya kingine. Lakini vichupa vya kumi na nne hadi ishirini, ambamo kimeng'enya chetu kimekuwa kikitoka miaka yote, sasa vina maji matupu. Mpimaji anatia tone, anasubiri, rangi haibadiliki. Kimeng'enya kinachelewa mpaka kichupa cha thelathini na kitu, nacho kinakuja kidogokidogo, kimechanganyika na takataka zote za hamira. Hospitali mbili zimerudisha karatasi za kupimia sukari tunazozipaka kimeng'enya hicho. Wanasema zinamwambia mgonjwa kuwa ni mzima.

Meneja mpya, yule ambaye Nyundo amembandika jina la Koti kwa kuwa havui koti lake jeupe hata akienda kunywa chai, alituita sote akasema, "Jeli ni chujio. Chujio halina siri. Likichuja vibaya, tazameni maelekezo, na aliyeandika maelekezo." Hakutaja jina. Alikuwa anaangalia meza yangu.

Unakumbuka kwamba wiki yako ya mwisho kazini uliamriwa unitajie kila hatua, nami niandike katika Kitabu cha Kazi. Tulikaa siku tatu katika chumba cha baridi. Habari za bomba la jeli ziko ukurasa wa tisa. Nimeusoma ukurasa huo labda mara arobaini. Mwandiko ni wangu, sahihi ni yangu, na sielewi kosa liko wapi, kwa sababu mimi ni karani tu. Najua nilichoambiwa na nilichoandika.

Je, kuna jambo lolote, hata dogo sana, ambalo huenda lilipita bila kusemwa? Ninauliza kwa heshima. Mwezi wa sita muda wangu wa majaribio unakwisha, na ama nithibitishwe kazini au niondoke.

Mpwa wako mtiifu.


26 Februari

Bi Wino,

Marahaba. Kifua changu hakijambo. Wanaokohoa ni majirani. Mama yako mwambie aache kubishana na daktari, abishane na mwenye nyumba, ndiye aliyeziweka zile ngazi. Mdogo wako mwache atazame dari. Akifika chuo kikuu atakuta wenzake wote wanatazama dari, na hakuna hata mmoja anayejua kuipaka rangi.

Kwa hiyo Koti amegundua kwamba jeli ni chujio. Mpeni kikombe cha fedha na mpigeni picha.

Sikiliza, kwa kuwa wewe angalau ulienda shule ukatoka na kitu, hata kama ni mwandiko tu. Chujio hupitisha kidogo na kuzuia kikubwa. Jeli ni kinyume chake. Kila punje ya jeli ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Kitu kikubwa hakienei katika vitundu hivyo, basi kinapita njia kuu moja kwa moja na kufika chini cha kwanza. Kitu kidogo kinaingia kila tundu, kama mmbeya mtaani. Kila nyumba yumo, kila nyumba ameketi, na anafika aendako jua limeshazama. Kimeng'enya chetu ni kikubwa, kwa hiyo kinatoka mapema. Kikianza kuchelewa, ujue kimeshikwa shati njiani. Miaka ishirini na sita nimewaeleza hivyo watu wenye vyeti, na kila mwaka analetwa mwingine mpya kuniuliza hilo chujio linabadilishwa lini.

Unauliza kama kuna jambo lililopita. Nilisema niliyosema. Kama walitaka mikono yangu, wangebaki nayo. Walitaka maneno yangu, wakapewa maneno.

Hukuwepo kwenye sherehe yangu ya kuagwa. Ulikuwa umetumwa kununua bahasha. Walinipa saa ya ukutani. Koti akasimama, akashika kitabu chako kile, akakipigapiga kama anayepima tikiti maji, akasema, "Sasa kazi hii hata karani anaweza kuifuata." Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana mdomo wangu mwenyewe haukuniomba ruhusa. Basi kama hata karani anaweza, karani na afuate.

Na wewe unaogopa. Nimeona kwenye herufi zako, zimesimama wima kama watoto waliokosea. Umemrithi baba yako. Marehemu akisikia mlango unabishwa, alianza kuomba radhi kabla hajafungua.

Nisalimie jirani wa chini. Mwambie bado ni mpumbavu.

Mjomba wako.


11 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Salamu zako nimezifikisha kama zilivyo, na jirani amefurahi sana. Mama amepata fimbo ya kutembelea, lakini anaitumia zaidi kugonga dari mdogo wangu anapochelewa kuamka. Tunamshukuru Mungu.

Maelezo yako ya jeli yamenisaidia kuelewa, nami nilijaribu kumweleza Meneja kwamba si chujio. Nisingethubutu, ila aliniita mwenyewe. Nakuandikia mazungumzo yalivyokuwa, kwa sababu nikiyafupisha nitakuwa nimejipendelea.

"Ukurasa wa tisa nani aliandika?"

"Mimi, mkuu."

"Nani alisaini?"

"Mimi. Fomu ina nafasi ya mwandishi peke yake."

"Basi unataka nimwite nani hapa? Kalamu?"

Nikasema labda tungemuuliza mzee, kwamba jeli hufanya kazi kinyume cha chujio, kwamba kimeng'enya huenda kinashikwa njiani. Akaniangalia kama mtu anayeona kiti kimeanza kuongea. Akasema, "Karani anapoanza kufundisha sayansi, ndiyo maana hospitali zinarudisha mizigo." Kisha akanipa barua. Nimeitwa mbele ya kikao cha nidhamu tarehe tano Mei, kujibu shtaka la uzembe katika kuandika maelekezo ya kazi. Nilipotoka niligundua nimefungua mlango wa stoo badala ya ule wa kutokea, na ilinibidi nisimame humo kidogo kati ya mifagio, ili nisionekane nimepotea.

Wenzangu wameshahukumu. Mpimaji, ambaye tulikuwa tukigawana mkate, sasa anakula akiwa amenipa mgongo, kana kwamba uzembe unaambukiza kama mafua. Mlinzi wa lango ameanza kunisalimu kwa upole, na hilo linanitisha kuliko yote.

Umeandika kwamba kimeng'enya kimeshikwa shati. Nimelifikiria neno hilo siku tatu. Kimeshikwa na nini, Mjomba? Na ulikuwa ukifanya nini ili kisishikwe? Sihitaji barua ndefu. Mstari mmoja unatosha.

Mpwa wako.


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, mdogo wangu hajambo.

Nilisubiri jibu lako mwezi mzima, nikawa nawalaumu watu wa posta. Sasa nawaomba radhi. Jumatatu barua yako imefika salama, imeandikwa vizuri, bahasha mpya. Ila si kwangu. Ni kwa Meneja.

Labda umesahau utaratibu wa ofisi. Barua zote zinazoingia hufunguliwa na karani, husomwa, hupigwa muhuri wa kupokelewa, na kuandikwa kwenye daftari. Yako ni namba 212. Ndivyo nilivyojua kwamba Koti alikuandikia mwenyewe mwezi wa pili kukubembeleza urudi. Barua hiyo aliipeleka posta kwa mkono wake, nadhani kwa aibu. Na ndivyo nilivyosoma masharti yako matatu: ufunguo wa chumba cha baridi uwe wako peke yako, usilazimishwe tena kutaja hatua zako kwa mtu yeyote, na, nanukuu, "nipewe karani mwingine, aliye makini, kwa kuwa ukurasa wa tisa umenukuliwa kwa uzembe ambao sijapata kuuona."

Niliipiga muhuri. Kisha nikaiandika daftarini na kuipeleka mezani kwa Koti.

Baada ya hapo nilimfuata Nyundo kwenye mashine yake. Huyu mtu tunayemcheka kwa sababu hajui kusoma. Nikamuuliza, "Mzee alikuwa anafanya nini ambacho sisi hatufanyi?" Akafikiria, akasema, "Hakuna. Alikuwa anatukana." Nikamwambia afikirie tena. Akasema, "Na kula mayai." Nikauliza mayai gani. Akasema kulikuwa na kopo la chumvi siku zote juu ya rafu ya chumba cha baridi, na wote walijua ni la mayai ya kuchemsha ya mzee. Nikamuuliza, "Uliwahi kumwona akila yai?" Nyundo akaizima mashine yake. Kisha akasema, "Sasa kwa nini tulikuwa tunasema mayai?"

Saa ya chakula cha mchana, wengine wakiwa kantini, tuliingia mimi na yeye. Tulitumia bomba dogo la majaribio. Yale maji ya kuteremshia, ambayo ukurasa wa tisa unasema yawe safi yenye dawa ya kurekebisha uchachu tu, tuliyatia chumvi: robo kikombe kwa ndoo, halafu nusu. Kwa nusu kikombe, kimeng'enya kiliteremka chote mapema, kisafi, mahali pake. Kumbe bila chumvi kinang'ang'ania punje za jeli, kama mtoto anayekataa kuingia shule. Kwa chumvi kinaachia na kupita. Nyundo alipoona rangi inageuka alinishika bega akasema, "Dada, sisi ni wajinga kweli." Sikuwahi kusikia sentensi nzuri kama hiyo mahali hapa.

Bado sijamwambia Koti. Nikimwambia, nitakuwa nimethibitisha kwa kinywa changu kwamba ukurasa wangu una kosa. Nisipomwambia, hospitali zitaendelea kupokea uongo.

Sikuulizi tena kama kuna jambo lililopita. Ninauliza lilipitaje.

Mpwa wako.


20 Aprili

Bi Wino,

Marahaba.

Kwanza, mimi sisahau. Usiniandikie tena neno hilo. Utaratibu wa barua za ofisi niliujua kabla mama yako hajakuota. Nilijua utaisoma. Vizuri umeona barua ya kazi inavyoandikwa: haina shikamoo, haina goti la mtu, inasema inachotaka na inafunga bahasha.

Kwa hiyo mmepata chumvi. Watu wawili, miezi mitano, mafungu matatu ya hamira yamemwagwa mtaroni. Mimi niliipata peke yangu, Jumamosi moja, mwaka wangu wa pili, mkuu wa wakati ule akiwa ameshaniambia bomba limeharibika na litupwe. Hakuna aliyenishika bega. Aliandika ripoti kwamba bomba "limejirekebisha." Toka siku hiyo nikanunua chumvi yangu, nikaweka kwenye kopo langu, na walipoanza kuniuliza nikawaambia ni ya mayai. Waliamini papo hapo. Mtu wa chini akiwa na kopo, lazima ni chakula. Miaka ishirini na minne wamepita mbele ya rafu ile na digrii zao, na hakuna aliyejiuliza ni mzee gani anayekula mayai asiyewahi kuacha hata ganda moja.

Sasa wewe. Ushauri wangu ni huu, nao nakupa bure. Tarehe tano sema uliruka mstari. Chumba kilikuwa na baridi, vidole vilikufa ganzi, ukaruka. Watakuondoa, sawa. Una miaka ishirini na mitatu. Karani akitoka meza moja, wiki ijayo yuko meza nyingine, na meza zote zina miguu minne. Mimi hakuna bomba lingine duniani linalonijua. Hapa nina chumba, dirisha linalotazama ukuta, na saa ya Koti ambayo kila siku inakimbia dakika nne mbele, kana kwamba hata yenyewe inataka niishe haraka. Nyumba ya jirani yupo mwalimu mstaafu anayenieleza kila asubuhi ndoto zake. Hizo ndizo siku zangu.

Usinijibu kwa machozi, yanaharibu karatasi.

Mjomba wako.


12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu Mama amesimama nyuma yangu na fimbo yake, anakagua kama heshima ipo. Ameiona, ameenda jikoni. Sasa tuendelee.

Mama hajambo. Hajui yote. Anajua kwamba niko nyumbani siku za kazi, na kwamba nikikuandikia nasaga meno.

Kikao kilifanyika. Walikuwa watu watano na jagi la maji ambalo hakuna aliyenikaribisha. Kabla hawajaanza kunisomea shtaka niliomba waende chumba cha baridi. Koti akasema kikao hakiendi chumba cha baridi. Mwenyekiti, mama mmoja mnene wa idara ya utumishi ambaye miguu yake ilikuwa imevimba, akasema angefurahi kwenda popote penye baridi. Tukaenda. Nyundo alikuwa ameshaandaa bomba. Nilitia chumvi mbele yao, nusu kikombe kwa ndoo, nikatamka kipimo kwa sauti. Tulisubiri. Kichupa cha kumi na tatu, hakuna kitu. Cha kumi na nne, mpimaji akatia tone, rangi ikageuka, na ikaendelea kugeuka mpaka cha ishirini. Mpimaji aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu Machi. Sikumrudishia.

Nilikuwa ninaogopa, Mjomba. Sitaki udhani nilikuwa shujaa. Lakini karatasi zile zinamwambia mgonjwa wa sukari akanywe soda, nami ndiye ninayeandika anwani za hospitali juu ya maboksi. Nisingeweza kuandika tena.

Tuliporudi mezani mwenyekiti akasema, "Basi ukurasa una kosa. Uliruka mstari, binti?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa ushauri wako. Nilikuwa nao mdomoni tayari. Nikasema, "Sikuruka. Niliandika kila nilichoambiwa."

"Unasema mzee alikudanganya?"

Nikalitazama jagi la maji. Wakarudia swali kwa sauti ya chini, kama wanaongea na mgonjwa. Koti ndiye aliyejibu, na kwa mara ya kwanza alionekana mwema. Akasema, "Jamani, yule mzee masikini. Umri ule. Akili inachoka, mambo yanamtoka. Nilimwona wiki ya mwisho, alikuwa anatazama ukuta tu." Wajumbe wote wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akasema baba yake naye sasa anasahau majina ya watoto.

Uamuzi ni huu. Nimesimamishwa mpaka tarehe kumi na tano Juni. Kama wewe uliyetaja hatua utatoa maelezo kwa maandishi, nitarudi na nitathibitishwa. Usipotoa, ukurasa ni wangu na kosa ni langu, na itaandikwa hivyo kwenye faili litakalonifuata kila ninapoomba kazi. Meza zina miguu minne, ni kweli, lakini mafaili nayo yana miguu.

Ili usisumbuke nimekuandalia maelezo hayo. Yameambatishwa. Nimeyaandika kwa upole, na yanasomeka hivi:

"Mimi, niliyekuwa msimamizi wa bomba la jeli, nathibitisha kwamba nilipokuwa nikimtajia karani ukurasa wa tisa nilisahau kutaja chumvi, kwa sababu ya umri na uchovu. Karani aliandika kila nilichokumbuka kumwambia."

Hakuna atakayekulaumu. Ni jambo la kawaida kwa wazee, na Koti ameshawaandaa watu vizuri. Amesema hata kazi ya kurudi haitafaa tena, afadhali upumzike, na kwamba watakutumia kadi. Weka sahihi tu chini, pale nilipotia alama ya penseli ili usipotee.

Mama anasema ule vizuri na uvae soksi.

Mpwa wako.


10 Juni

Bi Wino,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa ya kuazima.

Masikini! Koti ameniita mimi masikini. Yule ambaye siku ya kwanza aliingia chumba cha baridi akauliza kwa nini kuna baridi. Watanitumia kadi! Na wewe ukaketi pale, damu yangu, ukawaacha watikise vichwa.

Karatasi yako nimeisoma mara moja, ilinitosha. "Umri na uchovu." "Kila nilichokumbuka." Na alama ya penseli, nisipotee! Nilitembea nayo chumbani siku nzima. Mwalimu wa jirani alikuja na ndoto zake, nikamfungia mlango. Nikasema nitaichana, mwache binti ale jeuri yake. Kisha nikawaona wale watano na jagi lao, miaka kumi ijayo, wakimwambia kijana fulani mpya, "Alikuwepo mzee mmoja hapa, alisahau chumvi." Nimekaa na jeli ile miaka ishirini na sita ili nibaki kwenye midomo yao kama mtu aliyesahau chumvi.

Usidhani sijaona ulichofanya. Kuna watu huvunja mlango, na kuna watu hukaa nje wakisema kwa huruma, "Nadhani mzee hawezi tena kuufungua." Hilo hukulirithi kwa baba yako. Sitasema umelitoa upande gani.

Karatasi yako nimewashia jiko. Nimeandika yangu, nimeituma kwa Meneja kwa posta ya rejesta, na itapita mezani kwako ukiwa umesharudi au itapita kwa huyo waliyemweka kwa muda, mwambie asiikunje. Kurudi kwangu kumekwisha, hilo najua, huna haja ya kuniandikia kwa upole. Mama yako mwambie soksi ninazo.

Nakala ya niliyoandika ni hii, na hakuna neno la mtu mwingine ndani yake:

"Mimi ndiye niliyetaja ukurasa wa tisa. Sikusahau chumvi. Sijapata kusahau chumvi hata siku moja katika miaka ishirini na minne. Nilifika kwenye mstari wake, nikauruka makusudi, ili kazi ikwame na mniite. Ilikuwa siku ya tatu, Jumatano, muda mfupi kabla ya chai. Karani alikuwa ameketi kushoto kwangu juu ya kreti, amevaa koti la mama yake, anapuliza vidole. Alipomaliza kuandika aliinua kichwa akaniuliza, 'Kuna kingine, Mjomba?' Nikamwambia hakuna."